Kazi ya Kwanza ya Muuguzi ni Darasa Lake la Pili

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na muuguzi mstaafu wa usingizi mbele ya wajumbe wa kamati za afya za parokia, wafadhili wa mfuko wa masomo, na wauguzi vijana wanaosomeshwa na mfuko huo. Tumeifupisha kidogo ili iweze kuenea katika kurasa zetu.



 Niliombwa nizungumzie maendeleo ya kitaaluma ya wauguzi. Mimi nitazungumzia sehemu moja tu ya jambo hilo, ambayo kamati zetu huipitisha kwa dakika tano mwishoni mwa kikao, wakati watu wanataka kwenda nyumbani. Nayo ni hii: kijana tuliyemsomesha akishapata leseni yake, aanzie kazi wapi?

Nilikoanzia mimi

Nilimaliza mafunzo ya uuguzi na ukunga mwaka 1988. Nilisomeshwa na watu wa kwetu kwa mahindi, kahawa na michango ya Jumapili, kwa hiyo nilipomaliza hapakuwa na mjadala. Ilikuwapo zahanati yenye nyumba ya muuguzi, lakini haikuwa na muuguzi. Nilikabidhiwa funguo siku ya Jumatatu. Watu walinipokea kwa kuku na vigelegele, wakaniita daktari, nami baada ya muda nikaacha kuwasahihisha.

Mwezi wa tatu alikuja mama usiku akiwa na uchungu. Alijifungua salama, lakini mtoto hakulia. Nilijua la kufanya, na kwenye mtihani ningeweza kuliandika bila kosa. Nilimkausha mtoto, nikamsugua mgongo, nikachukua ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa mtu asiyepumua. Nilikuwa nimeutumia mara mbili tu, darasani, kwa mwanasesere. Niliuweka usoni nikaminya, hewa ikatokea pembeni mwa shavu. Nikaikandamiza barakoa kwa nguvu zaidi, kidevu cha mtoto kikalala kifuani, na kwa kufanya hivyo nikaifunga njia ya hewa niliyokuwa nataka kuifungua. Bibi wa mtoto alikuwa ameshika taa. Kifua hakikupanda hata mara moja.

Mtoto yule hakupumua. Hakuna aliyenilaumu. Asubuhi mama yake alinishukuru kwa kukesha naye, na shukrani ile nimeibeba mpaka leo.

Miaka miwili baadaye nilihamishiwa wodi ya wazazi ya hospitali kubwa. Huko nilimkuta mkunga mzee ambaye kwa vyeti alikuwa chini yangu. Alinitazama nikimhudumia mtoto, akanishika kiganja. Akanionyesha kuwa vidole viwili vinashika barakoa na vitatu vinainua taya, na kwamba uso ndio unaoletwa kwenye barakoa, barakoa haisukumwi usoni. Lilikuwa somo la dakika kumi. Akarudia kunisimamia kesho yake, na wiki iliyofuata, mpaka mkono wangu ukazoea. Miaka ilipopita nikaenda kusomea usingizi, siku ya kwanza mwalimu alituuliza nani anaweza kushika barakoa. Mkono wangu ulikuwa tayari, kwa sababu mkono unaompa hewa mtoto mchanga ndio huo huo unaompa hewa mtu mzima aliyelazwa kwa dawa.

Nawaambieni haya ili mwelewe kwamba zahanatini sikukosa elimu, wala sikukosa moyo. Nilikosa mtu wa kusimama karibu nami.

Kwa nini tunahitaji wabobezi

Wapo wajumbe wanaouliza kwa nini muuguzi aendelee kusoma wakati wagonjwa wanamsubiri. Ni swali la haki. Tuangalie hali ilivyo.

Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi nchini Tanzania vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Aidha, akina mama wanaojifungulia katika vituo vya huduma waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Tumshukuru Mungu na tuwashukuru wote waliofanya kazi hiyo. Lakini mama akifika kituoni na mtoto akashindwa kutoka, anahitaji upasuaji, na upasuaji hauwezekani bila mtu wa usingizi. Tangu mwaka 2017 Serikali imejenga na kukarabati vituo vya afya vingi vyenye vyumba vya upasuaji, na baadhi ya vituo vya kanisa navyo vimefanya hivyo. Chumba cha upasuaji kisicho na mtu wa usingizi ni ghala la vifaa.

Madaktari bingwa wa usingizi hapa nchini ni wachache mno. Takwimu za kimataifa zilizokusanywa miaka ya 2015 na 2016 zilionyesha kwamba hawakufika hata 1 kwa kila watu 100,000. Kwa sababu hiyo, katika hospitali nyingi za wilaya kazi hiyo hufanywa na wauguzi na matabibu waliopata mafunzo ya ziada. Hospitali ya KCMC kule Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni mojawapo ya mahali ambapo kwa miaka mingi wauguzi wenye uzoefu wamepata mafunzo ya usingizi. Angalieni neno hilo, wenye uzoefu. Mafunzo hayo hujengwa juu ya kile ambacho mikono tayari inakijua.

Muuguzi wa usingizi hamchomi mgonjwa sindano akaondoka. Anakaa kichwani pa mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho. Akitoa ganzi ya mgongoni, presha ya mama inaweza kushuka ndani ya dakika chache, naye anapaswa kuiona ikianza kushuka. Anasikiliza pumzi, anatazama rangi ya midomo na kuhesabu damu inayopotea. Mgonjwa asipoamka vizuri, ni yeye wa kujua sababu. Mambo haya hayaanzii darasa la usingizi. Huanzia wodini, katika miaka miwili au mitatu ya kwanza, au hayaanzi kabisa.

Njia zinazomkabili kijana

Sasa tumfuate kijana wetu mwenye stashahada au shahada. Mwenye shahada amesoma miaka minne na kumaliza mwaka mmoja wa utarajali. Ana ndoto ya kuwa muuguzi wa usingizi, au wa wagonjwa mahututi, au mkunga mbobezi. Mbele yake kuna njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni zahanati ya kijijini, peke yake. Ni kazi ya heshima, nami sitaidharau. Lakini kwa mwanzo kabisa ni hatari, kwake na kwa wagonjwa. Zahanati ndogo inaweza kuzalisha akina mama wachache tu kwa mwezi. Mtoto asiyepumua atamwona mara chache, na akimwona hana wa kumwuliza.

Njia ya pili ni kliniki ya binafsi mjini. Wakati mwingine mshahara unavutia, lakini zipo kliniki ambazo muuguzi hufanya kazi ya kupima presha, kuchoma sindano na kupokea malipo. Baada ya miaka mitatu anakuwa na uzoefu wa mwaka mmoja aliourudia mara tatu.

Njia ya tatu ni miradi. Kuna posho, kuna semina, kuna gari. Miradi imeokoa maisha ya watu wengi, hasa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Lakini muuguzi anayetaka kubobea katika chumba cha upasuaji, akikaa miaka mitano akijaza ripoti, mikono yake inasahau. Pia mradi una mwisho. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, mikataba ya watumishi wengi wa afya barani Afrika ilikatishwa ghafla.

Njia ya nne ni wodi yenye kazi nyingi katika hospitali ya wilaya, ya rufaa au ya kanisa. Inachosha, zamu za usiku ni ndefu, na mshahara mara nyingi si mkubwa. Hata hivyo, kwa anayelenga usingizi, hiyo ndiyo njia. Kama ningepewa kumpangia, ningemwanzisha wodi ya wazazi na chumba cha watoto wachanga, kisha chumba ambamo wagonjwa huamkia baada ya upasuaji, kisha wodi ya wagonjwa mahututi au chumba chenyewe cha upasuaji. Akipita huko miaka miwili, atakwenda kusomea usingizi akiwa na maswali yake mwenyewe, si ya kitabuni tu.

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Nimesikia wanakamati wakiwaambia vijana hivyo pale wanapouliza habari za kituo walichopangiwa. Methali ni ya kweli kwa mvivu. Lakini mkulima anayejua kazi hupandikiza mche kitaluni kwanza, akaumwagilia, ndipo akaupeleka shambani. Akiupeleka ukiwa mchanga kwenye jua kali, asiulaumu mche.

Ushahidi kutoka Haydom

Msidhani haya ni mawazo ya bibi mmoja tu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko Mbulu na iliyofunguliwa mwaka 1955, imetupa somo ambalo dunia imelisoma. Mwaka 2010 watumishi wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini watafiti walipoangalia huduma kwa watoto wenyewe katika chumba cha kujifungulia, hawakuona mabadiliko. Mwaka 2011 hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini, pamoja na mazoezi marefu kidogo kila mwezi. Baada ya hapo vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Mwanasesere alikuwa yule yule na kitabu kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mazoezi yalirudiwa, mahali pa kazi, mbele ya wenzao. Kwa mantiki hiyo, tunapomchagulia kijana kazi ya kwanza, tunamchagulia pia kama atarudia na kusahihishwa, au kama ataachwa na kile alichokumbuka siku ya mtihani.

Maswali matano kwa ninyi wanangu

Kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi ya kwanza, ulizeni mambo matano.

La kwanza: usiku, nani atakuwa karibu nami? Msiridhike na jibu kwamba yupo daktari wa kupigiwa simu. Ulizeni kama yupo muuguzi mwenye uzoefu katika zamu.

La pili: nitafanya nini kwa mikono yangu, na mara ngapi? Nendeni mkasimame saa moja wodini kabla ya kukubali. Mtaona kama wageni wanafundishwa au wanatumwa tu.

La tatu: je, nitazungushwa katika idara mbalimbali, au nitasahaulika mahali pamoja?

La nne: je, mwajiri atanipa ruhusa ya masomo, na kwa masharti gani? Ombeni iandikwe. Ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa anapohamishwa.

La tano ni mshahara, na msione aibu kuuliza. Wengi wenu nyuma yenu kuna wadogo zenu wanaosubiri ada. Aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Pigeni hesabu ya chakula, chumba, nauli na fedha za nyumbani. Kazi inayofundisha lakini inayowatia madeni kila mwezi hamtaimaliza.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni: mama, ajira zenyewe ziko wapi, mpaka tuchague? Ni kweli. Wapo wauguzi wenye leseni wanaojitolea wodini kwa muda mrefu bila mshahara. Nami nawaambia, anayejitolea ndiye anayepaswa kuchagua kwa makini kuliko wote, kwa maana ujira wake pekee ni kile anachojifunza. Usijitolee mahali ambapo hakuna wa kukufundisha. Na kila mwezi andika katika daftari ulichofanya: akina mama uliowazalisha, watoto uliowasaidia kupumua, wagonjwa uliowahudumia baada ya upasuaji, na nani alikusimamia. Siku ya kuomba nafasi ya masomo, daftari hilo litakusaidia kueleza unachokijua.

Kwa kamati za parokia

Sasa niwageukie wazee wangu wa kamati. Mikataba mingi niliyoonyeshwa inasema kijana akimaliza chuo arudi mara moja kutumikia kituo chetu miaka mitatu. Naelewa chanzo chake. Fedha zimetoka katika jumuiya ndogo ndogo, kwa mama aliyeuza mayai. Mnaogopa akienda hospitali kubwa hatarudi.

Sitawadanganya. Wengine hawatarudi. Hospitali za kanisa zimepoteza wauguzi wengi waliofuata mishahara mizuri na pensheni serikalini, na tusiwaite wasaliti, kwani wanahudumia Watanzania wale wale. Lakini kijana aliyeachwa peke yake akashindwa, naye huondoka, na mara nyingi huondoka akiwa amevunjika moyo. Mimi nilibaki katika uuguzi kwa sababu ya yule mkunga mzee. Bila yeye ningefungua duka.

Napendekeza mkataba wa hatua tatu. Kwanza, miaka miwili katika wodi ya hospitali tunayoelewana nayo, chini ya msimamizi anayejulikana kwa jina, huku kamati ikipokea taarifa fupi kila nusu mwaka. Pili, arudi kituoni kwetu atumikie kipindi tulichokubaliana. Tatu, aende kusomea ubobezi kwa msaada wetu, kisha arudi kwenye kituo chenye chumba cha upasuaji. Miaka miwili ya wodini ihesabiwe kuwa sehemu ya utumishi wake, isionekane kama deni.

Mtaniuliza, katika miaka hiyo miwili akina mama wetu wafanyeje? Hili ndilo gumu zaidi, wala sina jibu lisilo na gharama. Zahanati itasubiri. Wakati huo kamati ifanye kile inachoweza: ihakikishe kila mama mjamzito na mumewe wanaijua namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo hupigwa bila malipo kuomba usafiri wa dharura, iwe na akiba ya mafuta, na iombe hospitali ya wilaya imtume muuguzi mzoefu siku za kliniki. Ni afadhali mama asafirishwe mapema kuliko kupokelewa na mtu ambaye hatujamwandaa.

Kwa wafadhili wetu

Ndugu wafadhili, ninyi hupenda kulipa ada, na tunawashukuru. Ada ina risiti, na mwisho wake kuna picha ya mahafali. Ninachowaomba hakina picha nzuri. Tunaomba msaidie miaka miwili baada ya mahafali: posho ya chakula, chumba na nauli kwa muuguzi anayejitolea katika wodi inayofundisha, na kiasi kidogo kwa muuguzi mzoefu anayemsimamia.

Katika mfano wa Msamaria Mwema huwa tunakumbuka mafuta, divai na punda. Tunasahau kwamba alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kulipa gharama itakayozidi atakaporudi. Alijua kwamba kufunga jeraha ni kazi ya saa moja, na kupona ni kazi ya siku nyingi. Ada ya chuo ni ile bandeji. Miaka miwili ya kwanza kazini ndiyo ile nyumba ya wageni.

Namalizia. Mtoto yule wa mwaka 1988, kama angeishi, leo angekuwa mtu mzima mwenye watoto. Huwa namhesabu umri wake kila mwaka. Simtaji ili mnihurumie. Namtaja ili kamati itakapofika ajenda ya mwisho, na jina la kijana likasomwa, mjumbe mmoja aulize kabla ya kupitisha: huko tunakompeleka, nani atasimama karibu naye?